Mpangaji wangu ni Mtibeti, na mwaka wao mpya umeangukia Jumatano ya Majivu. Nimpikie nini?

MamaWaUyole (5 Februari 2026)

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba mawazo yenu, na nitashukuru zaidi nikimpata mtu aliyewahi kuishi na watu hawa.

Nina mpangaji, binti wa miaka kama 27. Ni Mtibeti, ila amezaliwa na kukulia India, na huku amekuja na mradi wa maji. Tangu Agosti anakaa chumba cha uani. Jioni huja kuota moto jikoni kwangu, maana baridi ya Uyole mnaijua. Ananiita Mama, na mimi namhesabu wa kwangu.

Juzi nimemkuta amesimama mbele ya kalenda ya parokia, kidole kiko kwenye tarehe 18. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hiyo ndiyo Losar, mwaka mpya wa kwao, na mwaka huu ni mara yake ya kwanza kuwa mbali na nyumbani siku hiyo. Halafu akacheka, akaenda kufua. Kicheko cha namna ile mimi mtu mzima nakijua.

Nataka nimfanyie kitu, lakini sijui wanakula nini. Nikimuuliza kwa kuzungukazunguka ananijibu "usijisumbue Mama". Halafu tarehe 18 yenyewe ni Jumatano ya Majivu. Mimi Mkatoliki nitakuwa nimefunga, na jirani yangu Mwislamu anasema mwezi ukiandama, Ramadhani itaanza siku hiyohiyo au kesho yake. Sipendi mtoto wa watu ale sikukuu yake peke yake kwenye nyumba ambayo kila mtu amefunga. Na uwezo wangu ni wa soko la Uyole na Mwanjelwa, sio wa kuagiza vitu Dar.

MfamasiaNzovwe (5 Februari 2026)

Shikamoo Mama. Nimesoma hapo kwenye kalenda nikaweka simu chini kwanza. Nitaandika kirefu, univumilie.

Nilisoma ufamasia Mysuru, jimbo la Karnataka kule India, 2010 hadi 2014. Nililala chumba kimoja na kijana wa Kitibeti kutoka Bylakuppe, mwendo wa kama saa mbili kwa basi. Ni makazi yaliyoanzishwa mwaka 1961, baada ya Dalai Lama, kiongozi wao wa dini, na maelfu ya watu wake kukimbilia India mwaka 1959. Walipewa msitu wakaufyeka, na leo wanalima mahindi. Siku ya kwanza kufika pale niliona mashamba ya mahindi pande zote za barabara, nikahisi kama nimeshuka Igurusi.

Kabla ya habari ya chakula, muulize jambo moja, na umuulize wazi: kwao kuna msiba mwaka huu? Familia iliyofiwa haifanyi sherehe ya Losar. Nililijua hilo mwaka 2012. Nilikuwa nimeshajiandaa kwenda na rafiki yangu, akaniambia mwaka huu hatuli sikukuu. Kule Tibeti watu walikuwa wakijichoma moto kupinga hali yao, na Watibeti wa India waliombwa waache karamu, wabaki na sala tu. Tulikaa chumbani tukala wali na dengu. Nilikuwa na miaka 22 na sikujua la kusema.

Akikwambia hakuna msiba, basi suala la Majivu lina njia. Losar inasherehekewa siku 15, tatu za mwanzo ndizo kubwa. Lakini kwa mtu aliye mbali na kwao, usiku unaomrudisha nyumbani huja kabla ya Losar yenyewe. Ni ule wa tarehe 29 ya mwezi wao wa mwisho, siku mbili kabla ya mwaka mpya, yaani Jumatatu tarehe 16. Siku hiyo wewe hujafunga, na jirani yako hajafunga.

Nilikuwa Bylakuppe usiku huo mwaka 2014, nikusimulie nilivyouona.

Mchana kutwa ni usafi. Si usafi wa wageni, ni ule wa kutoa kila kitu nje. Jiko husuguliwa kuliko chumba chochote, masizi yote yanatoka. Taka hazitupwi, zinawekwa kando, zina kazi usiku. Jioni unapikwa mchuzi unaoitwa guthuk. Gu ni tisa, na thuk ni ya thukpa, supu ya tambi za unga wa ngano. Kwa hiyo ndani yake kuwe na vitu tisa, au zaidi. Tambi za usiku huo wanaziita bhatsa: unakata kipande cha donge kidogo kama punje ya mahindi, unakibonyeza kwa kidole gumba na kukivuta, kinajikunja kama kauri. Mama wa rafiki yangu alibonyeza kumi wakati mimi nahangaika na kimoja.

Kwa vitu vya Mwanjelwa mimi ningehesabu hivi: nyama ya ng'ombe yenye mfupa, figili nyeupe, njegere kavu zilizolowekwa, spinachi, nyanya, kitunguu maji, kitunguu saumu, tangawizi, na jibini ngumu ya Njombe. Tisa hizo, tambi juu yake. Wao hutumia jibini yao iliyokaushwa mpaka ikawa kama jiwe, lakini ya Njombe ukiiacha juani siku mbili itafanya kazi.

Sasa lililo tamu. Kila anayekula anawekewa kwenye bakuli donge moja kubwa la unga, ambalo haliliwi. Ndani yake kimefichwa kitu, na kila mtu analipasua mbele ya wote. Ukikuta pilipili, wewe ni msemaji sana. Mkaa, moyo wako mweusi. Chumvi, mvivu. Sufu, moyo laini. Karatasi, mpenda kusoma. Nyumba na nyumba hutofautiana kidogo, muulize binti za kwao ni zipi. Baba wa rafiki yangu, mzee aliyevuka milima akiwa mtoto mgongoni kwa mtu, alipasua donge akakuta mkaa. Wajukuu walicheka mpaka wakalala sakafuni, naye alicheka kuliko wote.

Wakimaliza, kila mtu anapewa kipande cha donge bichi. Unakikandamiza mwilini, hasa panapouma, kisha unakifinya kiganjani mpaka alama za vidole zinabaki. Vipande vyote vinakwenda kwenye bakuli pamoja na sanamu ndogo ya mtu ya unga na supu iliyobaki. Bakuli linatolewa nje kwa mienge ya nyasi, watu wakipiga kelele "thonsho ma!", yaani toka, toka, mpaka njia panda. Linaachwa hapo na zile taka. Kurudi, hugeuki nyuma.

Mengine nitayasema kwa ufupi. Khapse ni unga wa ngano, siagi, sukari na maziwa, bila hamira, unakaangwa kwenye mafuta mengi. Ukijua visheti umeshajua khapse, isipokuwa hazivikwi sukari juu. Kuna za kusuka, za kukunja, na kubwa kabisa ndefu zinazoitwa masikio ya punda, ambazo hupangwa ghorofa kwa ghorofa kwenye altare yao. Zinakaa wiki kadhaa bila kuharibika. Dresil ni wali mtamu wenye siagi, sukari na zabibu kavu. Kwao huweka na vizizi vidogo viitwavyo droma, wewe weka korosho. Mama, ukiupika kwa mchele wa Kyela utakuwa umewazidi. Chemar ni sanduku la mbao la vyumba viwili: kimoja kina tsampa, unga wa shayiri iliyokaangwa, umechanganywa na siagi, cha pili kina nafaka nzima, shayiri au ngano. Mgeni akiingia anachota kidogo kwa ncha za vidole, anarusha hewani mara tatu, anaonja, anasema "tashi delek", salamu yao ya heri. Na chai yao ni ya chumvi na siagi, majani yachemke sana. Majani ya Rungwe ni makali, yanafaa.

Mama, kosa ambalo mimi ningelifanya ni kupika vyote kimyakimya nimshangaze mezani. Nyumba ile sikuona mtu aliyekaa akasubiri kuandaliwa. Khapse walikaanga siku mbili, majirani wakija na visu vyao na vibao vyao. Mwite jikoni. Mpe yeye donge.

MsemaKweliIlomba (6 Februari 2026)

Mfamasia umeeleza vizuri, lakini mimi nina hofu mbili na nazisema kwa nia njema.

Moja, Mama ni Mkristo. Sanamu ya unga, vipande vya mwilini, kufukuza mabaya: je, huku si kushiriki matambiko?

Mbili, hata tuache dini. Hapa Mbeya, mtu akionekana usiku njia panda ana bakuli la unga wenye alama za vidole, na moto, na anapiga kelele kwa lugha isiyojulikana, unadhani itaishaje? Watu wameumizwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Huyo binti ni mgeni na mama ni mjane (nahisi). Msithubutu.

MfamasiaNzovwe (6 Februari 2026)

Hofu ya pili umenizidi, nakiri sikuiwaza, nami ndiye niliyepaswa kuiwaza. Nashukuru sana. Mama, njia panda hapana kabisa. Fanyeni uani kwako, mchana wake ukiwa umeshamwambia jirani na balozi wa nyumba kumi ni nini kinafanyika na kwa nini. Ikibidi, waalike wale.

Kuhusu ya kwanza, mimi ni Mmoraviani na nilikuwemo. Hakuna aliyeniambia niiname popote. Altare ilikuwa yao, mimi nilisimama nyuma. Nilisafisha nyumba, nilikula, nilifinya donge. Kila mtu atapima kwa dhamiri yake, na Mama anaweza kukaa kwenye supu na yale mengine akamwachia binti.

MkingaWaBulongwa (6 Februari 2026)

Mama shikamoo. Mimi niko Makete. Hiyo tsampa msiilalamikie, ngano ipo huku. Mfamasia kasema hata wao nafaka nzima wanaweka ngano. Sasa kwa unga: bibi yangu alikuwa anakaanga ngano kwenye chungu kikavu, anakoroga bila kuacha mpaka inapasuka na kunukia, halafu kinu. Tulikula hivyo tukienda kuchunga, unatia maji ya moto na chumvi, unafinya tonge mkononi. Nilipouona huo uzi nikasema hawa ni watu wa baridi kama sisi.

Alhamisi tarehe 12 nashuka Mbeya na mzigo wa viazi kupitia Isyonje. Nitakuachia ngano kilo tatu na siagi ya hapa Kitulo, ya maziwa ya jana yake. Siuzi. Nielekeze tu kwa ujumbe wa pembeni niweke wapi.

BintiTukuyu (7 Februari 2026)

Mimi naomba kuongeza kinywaji. Niliwahi kufanya kazi hotelini na mpishi wa Nepal, akanieleza kwamba upande wa Sikkim na mashariki ya Nepal pombe yao inatengenezwa kwa ulezi. Huu huu ulezi. Inawekwa kwenye chombo, inamiminiwa maji ya moto, unafyonza kwa mrija, ikipungua unaongeza maji. Nilimwambia basi umemweleza babu yangu na kimpumu chake. Wazee wa Kinyakyusa walikaa hivyohivyo, chungu katikati na mirija mirefu, na birika la maji ya moto pembeni.

Watibeti wengi wao ya kwao ni ya shayiri, inaitwa chang. Asubuhi ya Losar wanaipasha moto na sukari, jibini na tsampa, wanaiita changkol. Kama binti anakunywa na Mama haoni shida, kimpumu kidogo cha moto hakitamwangusha. Kama hapana, uji wa ulezi wenye siagi unatosha.

MamaWaUyole (20 Februari 2026)

Wanangu, nimechelewa kurudi kwa kuwa nilitaka nirudi na habari kamili.

Nilimuuliza waziwazi kama Mfamasia alivyosema. Hakuna msiba. Nikamwambia Jumatatu ya tarehe 16 nataka unifundishe bhatsa. Akaniangalia. "Mama, nani amekuambia hilo neno?" Nikamwambia nina watoto wengi Mbeya hii usiowajua. Hapo hakucheka kile kicheko, alikaa kwenye kigoda akalia kidogo, kisha akaomba daftari akaanza kuandika mahitaji.

Ngano ya Bulongwa ilifika na siagi imefungwa kwenye jani la mgomba. Mungu akubariki mwanangu. Tulikaanga Jumamosi. Aliniambia kwao shayiri hukaangwa ndani ya mchanga wa moto ili isiungue, kisha huchekechwa mchanga utoke. Tukajaribu kwa mchanga wa mto tuliouosha, na kweli haikuungua hata punje.

Khapse tulikaanga Jumapili baada ya misa, kwa alizeti, na jirani yangu akaja na kisu chake. Anajua visheti tangu kwao Tanga, lakini yale masikio ya punda yalitushinda wote watatu. La kwanza lilikatika likiwa kwenye mafuta, la pili likaiva nje ndani bichi. Binti akasema hata kwao hiyo ni kazi ya mafundi. Tulipata manne mazima.

Jumatatu aliomba kazi ya jikoni afanye yeye. Mimi nina jiko la kuni miaka 19, masizi ya ukuta wa nyuma nilishayasamehe. Aliyasugua kwa majivu na jiwe mpaka saa nane mchana. Halafu akachovya kidole kwenye unga, akapiga nukta nyeupe ukutani, mstari mmoja wa juu na mmoja wa chini. Nimeziacha.

Balozi nilimwambia mapema. Akasema atakuja kuona kwa macho yake, na akaja, akala bakuli mbili. Na donge lenye mkaa likamwangukia yeye! Nilitaka ardhi inimeze. Binti akamweleza kwa Kiswahili chake kwamba mkaa unaondoka na ile sanamu, haurudi nyumbani na mtu. Mzee akauchukua mwenyewe, akautia kwenye bakuli kwa mkono wake, akasema basi uende. Mjukuu wangu alipata pilipili, na kweli hanyamazi. Jirani yangu alipata sufu. Mimi karatasi. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31 na binti anaapa hakuchagua.

Kipande cha donge nilipewa. Nilikiweka gotini, kwenye goti hili la kushoto linalonitesa wakati wa mvua, nikakifinya. Nilimwomba Mungu wangu kwa maneno yangu. Msema Kweli, nililifikiria swali lako kabla, na hivyo ndivyo dhamiri ilivyonielekeza. Vyote vilichomwa nyuma ya nyumba kwa mabua makavu tuliyoyahifadhi darini. Alipiga "thonsho ma" mara moja kwa sauti ndogo. Mjukuu akaipokea kwa sauti kubwa, ikabidi balozi naye aitikie. Tukarudi ndani bila kugeuka.

Jumatano saa kumi alfajiri nilisikia mlango wake. Kwao maji ya kwanza ya mwaka huchotwa kabla hakujapambazuka, na ni heri kuwahi. Alikwenda kisimani kwa jirani na ndoo ndogo, mvua inanyunya, mimi nikamshikia tochi. Tuliporudi, kule India ilikuwa imeshapita saa kumi na mbili na nusu, akampigia mama yake. Sikuelewa neno, ila nilisikia "Uyole" mara tatu. Kisha akanipa simu. Yule mama anaongea Kitibeti, mimi Kiswahili. Tuliongea.

Alinitolea chemar. Sanduku lenyewe ni la chaki, la enzi zangu za shule, tumelitenga katikati kwa kibao. Nilirusha mara tatu, nikasema tashi delek. Ile ya kuonja niliifunga kwenye karatasi, nikaionja jioni nilipofungua. Akanisindikiza hadi geti la kanisa nikapake majivu, akanisubiri nje chini ya mwavuli.

BintiTukuyu, tulipika uji wa ulezi wenye siagi. Anataka kila asubuhi.

Leo ni siku ya tatu, siku ya kufunga vile vitambaa vyao vya sala. Mama yake alimfungia kwenye begi tangu Agosti: buluu, nyeupe, nyekundu, kijani, njano. Katikati kumechapwa farasi anayebeba heri kwa upepo, na mwaka wenyewe ni wa farasi. Anataka kamba ianzie kwenye bati hadi juu ya mparachichi. Mvua imekatika sasa hivi na ananiita, naenda kushika ngazi.